Maswali ya Walenga Shabaha: Nyundo Ikikuponyoka

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, na nimeanza mashindano ya bastola mwaka jana baada ya kupata leseni. Bastola yangu ni CZ Shadow 2 na ninashindana katika daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani. Jumamosi iliyopita mazoezini niliamriwa nijaze na kujiandaa. Nikakoki, kisha nikaanza kuishusha nyundo kwa dole gumba la kulia, kama nilivyofundishwa. Mikono yangu ni midogo na ilikuwa na jasho. Nyundo ikaniponyoka. Nikasikia "tak", ikasimama katikati. Risasi haikutoka. Msimamizi hakuona kitu, lakini mimi roho iliniruka. Tangu siku ile mkono hutetemeka nikifika hatua hiyo, na mume wangu ananiambia niachane na mchezo huu. Nataka kujua: iliyoniokoa ni bahati au ni mashine? Na ipo njia ya kushusha nyundo juu ya risasi bila kutegemea bahati?
Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU: Binti yangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeishika Shadow yangu mwenyewe mkononi, tupu, nikiyarudia uliyoyaeleza hatua kwa hatua.

Iliyokuokoa ni mashine. Lakini mashine hiyo ilikuokoa kwa sababu ulifanya jambo moja sawasawa, pengine bila kujua: nyundo ilipoponyoka, kidole chako kilikuwa kimeshaiachia triga. Kama kingekuwa bado kinaibonyeza, barua hii ungeniandikia nyingine.

Nikueleze kinachotokea ndani. Kuna kijino cha chuma kinachoishika nyundo ikiwa imekokiwa. Ukibonyeza triga, kijino husogea pembeni na nyundo huachiwa. Kwenye nyundo hiyohiyo pamechongwa pengo jingine, la katikati. Triga ikiwa imeachiwa, kijino kimeshajirudia mahali pake, na nyundo inayoanguka hunaswa na pengo hilo kabla haijaifikia pini, kile chuma chembamba kinachoigonga fataki, yaani sehemu ya nyuma ya risasi inayoilipua. Hiyo ndiyo "tak" uliyoisikia. Triga ikiwa bado imebonyezwa, kijino kiko pembeni, pengo linapita bila kushikwa, na nyundo inakwenda moja kwa moja kuigonga pini, pini inaigonga fataki, na hapo hakuna wa kuirudisha risasi.

Sasa, kwa bastola yako jambo hili ni zito kuliko kwa nyingine za ukoo wake. CZ 75 ilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 kule Uherský Brod, Chekoslovakia ya wakati huo, na mbunifu wake mkuu alikuwa František Koucký. Baadaye likaja toleo la 75 B, na ile B maana yake ni kwamba limewekewa kizuizi cha pini: pini haiwezi kwenda mbele mpaka triga ivutwe hadi nyuma. Shadow 2 imetengenezwa kwa ajili ya mashindano, na kizuizi hicho hakimo, kwa sababu kinaongeza mkwaruzo kwenye triga na mshindani anataka triga laini. Mimi siilaumu Shadow. Naipenda, ndiyo niliyonayo. Lakini anayeinunua anapaswa kuambiwa dukani kwamba kati ya nyundo na fataki yake amebaki na vitu viwili tu: lile pengo la katikati, na akili ya kidole chake.

Pengine unajiuliza kwa nini basi tushushe nyundo kabisa, tusiiache imekokiwa na sefti juu. Wenzetu wa daraja la Standard wenye bastola za mtindo wa 1911 huanza hivyo. Sisi wa Production kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinatukataza. Tunaanza nyundo ikiwa chini kabisa, risasi ikiwa chemba, tayari kulia, na mlio wa kwanza lazima uwe wa mvuto mrefu, ule ambao triga yenyewe inainua nyundo na kuiachia. Ukisikia king'ora cha kuanzia ukaikoki nyundo kwa dole ili upate triga nyepesi, unapewa adhabu ya utaratibu, pointi 10 zinakwenda. Na kanuni inasema wazi kwamba bastola isiyo na wenzo wa kushushia nyundo ishushwe kwa mkono, kwa usalama, mpaka mbele kabisa. Kwenye pengo la katikati hairuhusiwi. Kwa hiyo ile nafasi iliyokuokoa Jumamosi huwezi kuanzia hapo. Ni kituo cha njiani.

Kuna jambo jingine katika kanuni hizo ambalo wageni wengi hulipita haraka. Wakati wote wa kujaza na kutoa risasi, kidole hakiruhusiwi kuingia ndani ya kilinzi cha triga. Kikiingia, unaondolewa mashindanoni. Kushusha nyundo ya bastola isiyo na wenzo ni ruhusa ya pekee iliyotolewa ndani ya katazo hilo. Yaani waliotunga kanuni walikaa wakaona kwamba hapa, na bastola imeshajazwa, mtu hana budi kuigusa triga huku hataki ilie. Hofu yako, binti yangu, ina msingi. Mtu asikwambie wewe ni mwoga.

Mimi mwenyewe iliwahi kunilia. Ni miaka 11 sasa. Asubuhi ile nilikuwa nimeisafisha bastola gizani kwa haraka kwa sababu tulikuwa na safari, na mafuta yalibaki kwenye nyundo na kwenye vidole vyangu. Nilikuwa mtu wa tatu kwenye foleni, na yule wa mbele yangu alikuwa amepiga vizuri mno, watu wanapiga makofi, nami nina hamu ya kuingia. Nikajaza, nikakoki, nikashusha kwa dole gumba moja, kidole cha shahada kimeng'ang'ania triga. Nyundo ikateleza. Mlio wa bastola usioutarajia ni mkubwa kuliko milio yote uliyowahi kusikia, hata ukiwa na vikinga masikio. Risasi iliingia tutani, kwenye kile kilima cha udongo kinachozuia risasi, kwa kimo cha kiuno, mbele yangu. Hakuna aliyeumia. Mwamuzi akasema "Simama", kwa sauti ya chini kabisa, na nikajua siku yangu imekwisha: mlio unaotokea wakati wa kujaza ni kuondolewa mashindano yote, hakuna rufaa ya "iliniponyoka". Nilibaki pale mpaka jioni nikiwabandikia wenzangu viraka kwenye shabaha za kadibodi. Kila kiraka nilichobandika nilikuwa nikiliwaza lile tuta. Mwanangu wa kiume alikuwa amesimama mita sita nyuma yangu.

Kwa hiyo la kwanza ninalokufundisha halimo kwenye vidole. Limo kwenye mtutu. Kabla hujaigusa nyundo, jiulize: ikilia sasa hivi, risasi inaingia wapi? Ielekeze kwenye tuta, sehemu ya chini iliyo na udongo mnene. Watu wengi wakishusha nyundo hujiinamia kuitazama, na mtutu nao unainama pamoja na macho yao mpaka unatazama ardhi mbele ya viatu. Hapo ni pabaya. Ardhi ya renji zetu nyingi ina mawe, na jiwe hurudisha vipande. Isitoshe, risasi inayopiga ardhi chini ya mita tatu kutoka ulipo inakuondoa mashindanoni nayo. Ilete bastola karibu na kifua, kimo cha matiti, uione nyundo bila kuinama, mtutu ukitazama tuta muda wote.

Sasa vidole. Uliyefundishwa kushusha kwa dole gumba la kulia peke yake, ulifundishwa njia ya mtu mwenye kiganja kipana. Mkono mmoja hapa unafanya kazi tatu: kuibana bastola, kuizuia nyundo na kuibonyeza triga. Mkono mdogo ukifika kwenye nyundo unalegea kwenye mpini, na bastola inazunguka kiganjani. Ugawe mzigo. Mkono wa kulia ubaki na mpini na triga tu. Mkono wa kushoto uje kwa juu kutoka nyuma, usipite mbele ya mtutu hata kwa bahati mbaya, na uichukue nyundo yote.

Namna ya kuichukua ni hii. Dole gumba la kushoto liingie katikati, kati ya uso wa nyundo na mgongo wa slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), ile nyama nono ya ncha ikiziba njia ya kwenda kwenye pini. Kidole cha shahada cha kushoto kikae nyuma ya nyundo. Sasa umeibana kama unavyobana punje ya mahindi unapoipukuchua. Ivute nyuma kidogo, uone uzito wake umehamia kwenye vidole vyako vya kushoto. Usiendelee mpaka uuhisi uzito huo. Ndipo kidole cha kulia kiingie, kibonyeze triga, uione nyundo imeachiwa, iteremke kidogo tu, na hapohapo kidole kitoke kwenye triga, kitoke kabisa, kilale juu ya fremu.

Hapo ndipo penye roho ya jambo lote. Kidole kikishatoka, hata vidole vya kushoto vikilegea, pengo la katikati lipo. Iteremshe polepole mpaka uisikie imekaa kwenye pengo. Vuta pumzi. Umeshafika nusu ya safari na hujahatarisha kitu.

Nusu ya pili ni fupi. Kwa kuwa kanuni inataka nyundo iwe mbele kabisa, inabidi triga ibonyezwe tena. Usiibonyeze kwanza ukaiacha triga iinue nyundo yenyewe. Ibane tena nyundo kwa kushoto, iondoe kwenye pengo kwa kuivuta nyuma kidogo, kisha bonyeza, uishushe juu ya nyama ya dole gumba. Dole sasa limebanwa kati ya vyuma viwili. Litoe kwa kulibiringisha pembeni taratibu, huku kidole cha nyuma na ubavu wa dole vikiendelea kuishika nyundo, mpaka chuma kikutane na chuma bila sauti. Ukisikia mlio wa kugonga, hata mdogo, umeliondoa dole mapema. Kidole kitoke, kisha ala.

Dole lako likibanwa litauma. Na kama ikitokea ikalia, slaidi itarudi nyuma kwa nguvu na itakukata. Nakueleza ili ujue unachokubali: kidonda cha dole ni bora kuliko risasi usiyoijua iendako. Lakini nyama ikiwa katikati kweli, nyundo haifiki.

Jasho. Mimi ni mtu wa Pwani, jasho nalijua. Beba kitambaa kikavu mfukoni, cha pamba, kisichokuwa kile unachofutia bastola. Ukiitwa uwanjani, kabla ya amri ya kujaza, futa vidole vyote vya kushoto na ufute nyundo yenyewe. Siku ya kusafisha, nyundo isiguswe na mafuta kwa nje, pale mgongoni penye mikwaruzo ya kushikia. Kama mikwaruzo hiyo imelika, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni aichonge upya. Usiichonge mwenyewe kwa tupa jikoni.

Na haraka. Huu ni ugonjwa wa vijana na ulikuwa wangu. Kipima muda hakijaanza kuhesabu wakati unashusha nyundo. Hakuna sekunde unayopoteza. Baada ya amri ya kujiandaa muda ni wako, na mwamuzi mwenye adabu hatakuharakisha. Akikuharakisha, mwangalie, mwambie "Bado ninashusha nyundo", uendelee. Na ukihisi nyundo inateleza katikati ya kazi, usijaribu kuidaka kwa kukaza mkono wote, kwa sababu mkono ukikazwa wote, kidole cha triga nacho hukazika. Toa kidole. Iache nyundo inaswe. Kisha simama, pumua, anza upya.

Mazoezi yafanyie nyumbani, bastola ikiwa tupu. Risasi zote zikae chumba kingine, zimefungiwa. Angalia chemba kwa macho, kisha kwa ncha ya kidole kidogo. Tia risasi bandia, zile za plastiki zenye rangi, ili uone kwa macho kwamba chemba imejaa kitu kisichoweza kulia. Elekea ukuta wa mawe, usielekee ule mwembamba unaotenganisha chumba na cha watoto. Shusha mara 20, ukichoka acha. Fanya hivyo wiki mbili bila kugusa risasi halisi. Mtetemo wa mkono utaondoka wenyewe, kwa sababu mkono utakuwa umekwishajua njia ya kwenda na ya kurudi. Ukirudi renji, mwombe mwalimu wako asimame ubavuni kwako siku ya kwanza, na mweleze yaliyotokea Jumamosi. Hakuona, kwa hiyo hawezi kukusahihisha, na kesho atamfundisha mwingine mwenye mikono midogo njia ileile.

Kuhusu mume wako, mimi sitaingia kati ya mke na mume. Ila siku moja ukifanya mazoezi hayo makavu mkaribishe akae kando yako atazame. Anaogopa kitu asichokiona.

SWALI: Nina Beretta 92FS, yenye wenzo wa kushushia nyundo kwenye slaidi. Siuamini. Nikiuzungusha, nyundo inaanguka kwa kishindo na moyo unanipasuka. Napendelea kuishusha kwa dole gumba kwanza. Vibaya?
Mlenga Shabaha, Mombasa

JIBU: Vibaya, ndugu yangu, na kwenye mashindano hairuhusiwi. Bastola ikiwa na wenzo, kanuni inataka wenzo huo peke yake utumike, na triga isiguswe kabisa.

Kishindo unachokisikia naelewa kinatisha. Lakini Beretta yako imefikiriwa vizuri: unapouzungusha wenzo, sehemu ya nyuma ya pini inageuzwa na kuondolewa kwenye njia ya nyundo kabla nyundo haijaanguka. Nyundo inagonga chuma kisichofika popote. Ukiishusha kwa dole wenzo ukiwa juu, wewe umeiacha pini njiani, na umeongeza kidole kwenye triga. Umeukimbia mlango uliofungwa ukaenda kulala kwenye ulio wazi.

Kama wasiwasi haukutoki, mpelekee fundi aukague, hasa kama bastola ni ya zamani na imepita mikono mingi. Na hata wenzo ukiwa mzima, mtutu uangalie tuta.

SWALI: Mwalimu, mnatuchanganya. Mwanzoni mnasema nyundo ishikwe kama yai. Mwishoni mwa zoezi mwamuzi anatwambia tuvute triga, nyundo ianguke yenyewe, na nikiishika kwa dole anakasirika. Kwa nini?
Kijana wa Renji, Nairobi

JIBU: Swali zuri, na mwamuzi wako yuko sahihi. Mwanzoni chemba ina risasi na hakuna anayetaka mlio. Mwishoni unadai kwamba bastola ni tupu, na kuvuta triga ndiyo njia ya kuthibitisha dai hilo mbele ya shahidi. Umetoa magazini, umerudisha slaidi, umeonyesha chemba, mwamuzi ametazama. Macho yake mawili na yako mawili, yote yanaweza kukosea, hasa jua linapozama au mnapokuwa zoezi la mwisho na wote mna njaa. Nyundo ikiachwa ianguke kwa nguvu zake zote, mtutu ukiwa tutani, basi kama kuna risasi iliyosahauliwa italia pale, na wala si garini, wala si mezani nyumbani. Ukiishika nyundo kwa dole, au ukitumia wenzo, jaribio hilo umeliua: risasi iliyosahaulika itabaki chemba, nyundo iko chini, nawe unaitia kwenye ala ukiamini ni tupu.

Kwa hiyo vuta triga ukiwa umekaza mkono kama unayetarajia mlio. Ikilia, umeondolewa mashindanoni, na siku yako itakuwa imekwisha kama ilivyokwisha yangu. Isipolia, itie kwenye ala, mkono utoke kwenye mpini, na usubiri asikike akisema renji ni salama ndipo ugeuke.